Nyasi ndefu za mapambo zikigoma, tazama kitakoni

Simu yangu hujaa picha za aina moja: ncha ya jani iliyokauka, imepigwa karibu mno, na chini yake swali, "Fundi, nipige dawa gani?" Huwa sijibu. Naomba picha ya pili: inama, tenganisha majani kwa mikono miwili, nipigie pale shina linapoingia ardhini. Wengine hukasirika kidogo, maana nyasi hukata na asubuhi zina umande. Lakini picha ya kwanza huniambia tu kwamba kuna jambo limetokea. Ya pili huniambia ni jambo gani.

Sababu iko katika umbile lenyewe. Mti hurefuka kwenye ncha, nyasi hukua kutoka chini. Sehemu inayozaa majani imejificha kwenye kitako, usawa wa udongo au ndani yake kidogo. Ndiyo maana ng'ombe hula, fyekeo hupita, moto huunguza, na mvua mbili baadaye kijani kimerudi. Kwa hiyo jani lililokauka ncha halitapona hata ulimwagie nini, hiyo ni habari ya mwezi uliopita. Habari ya leo iko kwenye jani jipya linalochomoza katikati, kwenye kitako na kwenye mizizi.

Nazungumzia nyasi zinazopandwa kwenye bustani zetu kuanzia pwani hadi nyanda za juu: ile ya zambarau yenye masuke kama mkia wa mbweha, ndugu yake ya kijani, ambayo asili yake ni huku huku Afrika ya Mashariki na ya Kaskazini, vetiva, ile ya mizizi mirefu inayoshika udongo wa miteremko, pampasi ya Amerika ya Kusini yenye manyoya meupe, nepia ya rangi ya damu ya mzee, na mchaichai, ambao wengi hawauhesabu kuwa pambo kwa sababu wameuzoea birikani. Mafunjo nayo nitayagusa. Kwa ukoo si nyasi, ni ndugu wa ndago, lakini watu huyapanda kwa nia ile ile na kuyaua kwa makosa mengine kabisa.

Uchunguzi kabla ya dawa

Vuta chipukizi moja la katikati, kwa nguvu ya kung'oa gugu dogo. Likigoma, mizizi ni mizima na tatizo ni la juu: jua, maji au chakula. Likichomoka kirahisi, tazama mwisho wake. Umeoza na kunuka, ni maji yaliyotuama. Umetafunwa, kuna mnyama chini. Una tundu lenye unga kama wa mbao, ni funza.

Chomeka kidole udongoni mpaka fundo la pili, umbali wa shubiri moja kutoka kitakoni, na hapo hapo kitakoni. Mara nyingi utakuta sehemu mbili tofauti: juu pamelowa, chini pakavu kama majivu. Huyo ni mtu anayemwagilia dakika mbili kila jioni.

Kisha zunguka shina lote. Ugonjwa hauchagui upande. Shina lililokauka upande mmoja tu limeguswa na kitu cha nje: ukuta unaorudisha joto la mchana, kiyoyozi kinachopuliza hewa ya moto, dawa ya magugu iliyopeperuka wakati wa kupulizia kati ya matofali ya njia, au mbwa. Mbwa nawataja kwa aibu. Niliwahi kuhangaika wiki mbili na shina la kona ya geti lililokuwa linakauka upande wa barabarani. Nikabadilisha udongo, nikapima maji. Mlinzi ndiye aliyenionea huruma akaniambia mbwa wa jirani hupita pale kila alfajiri na hakosi hata siku moja.

"Zimelala kama zimekanyagwa"

Hili ndilo lalamiko namba moja, hasa mvua zikikolea, na watu hulichukulia kuwa kosa la upepo. Upepo humalizia tu. Tazama namna zilivyolala.

Zikifunguka pande zote kama mwavuli uliogeuka, katikati pakabaki wazi, uliza kuhusu kivuli na mbolea. Karibu nyasi zote nilizozitaja ni za jua kali. Zinataka jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku. Chini ya mwembe au nyuma ya ghorofa hurefuka zikitafuta mwanga, mabua yakawa marefu na laini, na siku ya mvua kubwa yanasalimu amri. Hakuna dawa ya kivuli isipokuwa kupogoa mti au kuhamisha nyasi.

Mbolea ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu hutoka kwenye upendo. Mama mmoja wa Mbezi alikuwa na safu ya nyasi za zambarau ambazo majirani waliziulizia. Akaziongezea samadi ya kuku, gunia zima kwa mashina manane, na juu yake yuria kiganja kimoja kimoja. Ndani ya mwezi zilikuwa za kijani cheusi, nene, ndefu kupita kiuno. Mvua ya kwanza ya masika ikazilaza zote juu ya njia ya gari. Naitrojeni nyingi hujaza jani maji, bua likakosa ugumu. Tulichofanya ni kuzikata zote mpaka sentimita 15 kutoka ardhini, kuondoa samadi iliyokuwa haijaoza, na kutoziwekea chochote mwaka mzima. Zilisimama. Nyasi hizi zinatosheka na ndoo moja ya mboji iliyooza vizuri kwa shina kwa mwaka, mwanzoni mwa mvua. Kwenye udongo mwekundu wenye rutuba, kama wa Moshi au Kiambu, hata hiyo mimi huiacha.

Zikilala upande mmoja shina zima likiwa limeinama na udongo umepasuka nyuma yake, mizizi ni mifupi. Mwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki badala ya kidogo kidogo kila siku. Kwa shina changa lita 10 kila mara zinatosha, na likishashika, mvua ikiwa ya kawaida, unaweza kusahau bomba. Nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania kuna mshukiwa mwingine, fuko. Anapita chini, anakula mizizi, na asubuhi unakuta shina lililokuwa zima jana limelala, ukilishika linakuja lote mkononi. Vichuguu vya udongo mpya kando yake ndio ushahidi. Mpate fundi wa mitego. Kumwaga maji shimoni ni kumwogesha tu.

Na yakiwa ni mabua ya masuke tu yaliyokunjika huku majani yamesimama, acha. Masuke yamebeba maji ya mvua. Likitoka jua mengi hunyanyuka, na yaliyovunjika yakate uweke kwenye chombo sebuleni.

Kufunga shina kwa kamba ya katani ni sawa kama una sherehe Jumamosi. Zaidi ya wiki moja, katikati panakosa hewa na kuanza kuoza.

"Katikati pamekufa, pembeni ni kijani"

Shina limegeuka bangili. Wengi huona bangili hilo wakadhani ni ukungu wa mizizi, wakanunua dawa ya unga na kuimimina katikati. Lakini ni uzee. Shina huongeza machipukizi mapya kwa nje, mwaka hadi mwaka, na yale ya kwanza yaliyoko katikati huchoka, hubanwa na majani makavu ya miaka iliyopita, na hufa. Nyasi ya zambarau na mchaichai hufika hapo baada ya miaka mitatu au minne. Pampasi na vetiva huchelewa zaidi. Ukiona bangili kwenye shina la mwaka mmoja, hapo ndipo uwe na wasiwasi: ama limepandwa chini mno, ama kuna mchwa, ama katikati huwa panasimama maji.

Tiba ya uzee ni kugawa. Ngoja mwanzo wa masika au wa vuli, usifanye Januari jua likiwaka. Kata majani yote yabaki sentimita 15 hadi 20. Chimba duara kwa jembe, ingiza sululu chini, nyanyua. Sasa panga lenye makali, na usiogope: pasua kama unavyopasua nazi, bila kulirembaremba. Katikati palipokufa ni pa kwenda kwenye mboji. Pembeni toa vipande vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja kiwe na machipukizi matano hadi manane na mizizi yake. Vipande vya machipukizi mawili hushika pia, ila vitakukalia msimu mzima bila sura.

Panda kwa kina kile kile kilivyokuwa. Hapa ndipo mafundi wengi, mimi nikiwemo miaka ya mwanzo, hukosea: tunafukia mpaka kitako chote kisionekane, tukidhani tunalishikilia. Kitako kikifukiwa hupumua vibaya na kuoza, hasa kwenye mfinyanzi. Nyasi ya zambarau iache nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya shina na shina. Pampasi inataka mita mbili, nawe vaa glavu nene na shati la mikono mirefu, maana jani lake lina meno ya msumeno na jeraha lake utalikumbuka kila ukikamua limau. Vetiva ya ukingo wa mteremko ni kinyume: sentimita 10 hadi 15 tu, ili zishikane ziwe ukuta. Mizizi yake hushuka mita tatu na zaidi, kwa hiyo hesabu vizuri unapoiweka. Vetiva ikishashika, kuihamisha ni kazi ya siku nzima na watu wawili.

"Ncha zimekauka kahawia"

Ncha chache za majani ya zamani mwishoni mwa kiangazi ni kawaida, hata usiamke kwenye kiti. Ncha za majani mapya kukauka ni habari nyingine.

Pwani, mshukiwa wangu wa kwanza huwa maji ya kisima. Nyumba nyingi kuanzia Kigamboni hadi Bamburi hutumia kisima kilichochimbwa uani, na maji yake yana chumvi ya viwango tofauti. Kipimo cha nyumbani ni sabuni: maji yasiyotoa povu kwa sabuni ya mche hayafai kumwagilia kila siku bila mpango. Kipimo cha pili ni kuta za vyungu na udongo wa juu, je, kuna utando mweupe? Chumvi hubaki udongoni maji yanapokauka, na kumwagilia kidogo kidogo huijenga siku hadi siku. Mwagilia kwa wingi mara chache ili maji yaisukume chini ya mizizi, ukinge maji ya mvua ya paa kwa ajili ya vyungu, na mahali penye chumvi kali panda vetiva, inayostahimili kuliko nyasi ya zambarau.

Mshukiwa wa pili ni samadi mbichi ya kuku, ambayo huunguza mizizi na ncha ndani ya siku chache. Wa tatu ni ukame wa kawaida, hasa kwenye vyungu: shina la miaka miwili ndani ya chungu kidogo limejaa mizizi tupu, maji yanateleza pembeni na kutoka chini bila kulowesha kitu. Lizamishe pamoja na chungu chake kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe, kisha litafutie chungu kikubwa au ligawe.

Wa Njombe na Makete, ncha na majani ya nyasi ya zambarau yakikauka ghafla asubuhi moja ya Juni au Julai, ni jalidi. Usikate mara moja. Majani yaliyokufa yanakifunika kitako. Kata baridi ikishapita. Na huko, kwa kweli, pampasi itakupendeza zaidi.

Umanjano unaanzia wapi?

Swali ni moja: majani yapi yalianza? Yakianza ya chini, ya zamani, huku mapya yakiwa kijani hafifu, ni njaa ya naitrojeni. Ni jambo la kawaida kwenye mchanga wa pwani, ambako masika huosha kila kitu. Mboji, na mbolea ya CAN kijiko kimoja cha chakula kuzunguka shina, mvua ikiwa karibu.

Yakianza mapya, yakiwa na mistari ya njano kati ya mishipa ya kijani, nyasi imekosa chuma, na kwa kawaida chuma kimo udongoni ila kimefungwa. Nyumba mpya hii ndiyo balaa yake. Mafundi ujenzi hufukia kifusi, saruji na chokaa pembezoni mwa ukuta, juu yake wakatandaza udongo mzuri wa kina cha kiganja, na bustani ikakabidhiwa inang'aa. Baada ya miezi sita mizizi imefika kwenye saruji. Udongo wa matumbawe wa Unguja na Mombasa huleta dalili hizo hizo bila msaada wa fundi yeyote. Salfeti ya chuma hurudisha rangi kwa muda; kinachodumu ni kuchimba shimo la nusu mita, kutoa kifusi na kujaza udongo mwingine na mboji. Kwenye matumbawe panda kwenye vyungu vikubwa au tuta lililoinuliwa.

Na yakiwa njano yote, laini, kitako kikinuka yai viza, basi maji yametuama. Udongo mweusi wa Kitengela na Syokimau, na ule wa mbuga wa Dodoma, hushika maji wiki nzima na baadaye kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Vetiva, tena, huvumilia maji na ukame vyote viwili. Najua nimeitaja mara nyingi; si mrembo wa kwanza bustanini, ila sijapata nyasi nyingine isiyonipigia simu usiku.

"Nilipanda mwaka jana, haijaongezeka hata kidole"

Chimbua. Sifanyi mzaha. Mara ngapi nimechimbua shina lililodumaa nikakuta kiriba cheusi cha plastiki bado kimeizunguka mizizi, mizizi yenyewe imejikunja ndani kama tambi? Kijana wa bustani aliambiwa "panda", akapanda na mfuko wake. Toa kiriba, fumua mizizi kwa vidole au ikate kwa kisu pande tatu, panda upya. Hukimbia kama iliyofunguliwa jela.

Kama hakuna kiriba, tazama kina cha kitako, halafu angalia nani anaishi jirani. Mkrismasi mkubwa au mwarobaini hunywa maji yote kabla nyasi haijaonja.

Rangi imepotea, au masuke hayaji

Nyasi ya zambarau iliyogeuka kijani-kijani imekosa jua, basi. Ihamishe, na majani mapya yatakuja na rangi yake. Ya zamani hayabadiliki. Lakini kama ulinunua mche mdogo uliooteshwa kwa mbegu, huenda uliuziwa ndugu yake wa kijani. Ya zambarau haitoi mbegu zinazoota, huzalishwa kwa kugawa, kwa hiyo anayekuuzia pakiti ya mbegu zake anakuuzia hadithi.

Mchaichai kutotoa masuke ni tabia yake, hata wa babu yako haukutoa. Pampasi hutaka miaka miwili mitatu na hali ya hewa ya ubaridi. Zile nilizopanda Kigamboni zilibaki majani tu, nikaacha kuzihangaikia. Tena pampasi ina jike na dume, na manyoya mazito, meupe ni ya jike. Ukitaka uhakika, nunua kipande kilichogawanywa kutoka shina uliloliona likiwa na masuke. Kwa nyasi ya zambarau isiyotoa masuke, uliza ilikatwa lini. Anayeikata kila mwezi ili "ionekane safi" anakata masuke kabla hayajazaliwa. Mkato mmoja kwa mwaka unatosha, mwishoni mwa kiangazi, siku chache kabla ya masika.

Wanaokula

Majani yaliyoliwa yakabaki uti wa kati tu, tena ghafla, baada ya mvua za kwanza: viwavijeshi. Hawa wa asili yetu hula jamii ya nyasi na ndugu zake, na hutembea kwa makundi. Tazama jioni au asubuhi mapema, tikisa shina juu ya gunia. Kuku watatu hufanya kazi nzuri kuliko nitakavyofanya mimi. Na kumbuka kitako: hata wakimaliza majani yote, shina lililoshika litachipua. Dawa ya sumu kwenye bustani ya watoto kwa ajili ya majani yatakayorudi baada ya wiki tatu siipendi.

Jani moja la katikati limekauka huku ya pembeni yakiwa mazima, ukilivuta linachomoka: funza wa bua. Huwapata zaidi wenye nepia karibu na shamba la mahindi. Kata bua hilo chini kabisa, lichome au lifukie kwa kina. Nepia yenyewe huvutia vipepeo wa funza hao, na wakulima huipanda kwa makusudi kuzunguka mahindi iwe mtego, kwa hiyo kuikuta imetobolewa huku mahindi yamesalimika maana yake imefanya kazi yake.

Mchwa husingiziwa sana. Wengi wanaoonekana kitakoni wanakula majani makavu yaliyorundikana, si shina hai. Ondoa takataka za ndani kwa mikono, sogeza matandazo yakae kiganja kimoja mbali na kitako, na umwagilie. Shina lenye kiu ndilo wanalolivamia kweli.

Vumbi la rangi ya kutu linalobaki kidoleni ukipangusa mgongo wa jani, hasa kwenye mchaichai uliobanana, ni ugonjwa wa kutu. Kata majani yote yaliyougua, yatoe bustanini, gawa mashina hewa ipite, na uache kumwagilia kwa juu jioni. Mchaichai huo bado utakua, ila usiyachemshe majani yenye kutu.

Nepia ina magonjwa mawili ambayo hayana mjadala. Ikichipua baada ya kukatwa ikawa na majani madogo ya njano na machipukizi mengi mafupi kama ufagio, ni udumavu unaoenezwa na wadudu wanaofyonza utomvu. Umesumbua sana magharibi mwa Kenya na Uganda. Ikitoa masuke mapema, membamba, yenye unga mweusi kama masizi, ni fugwe, ambayo Kenya ya kati waijua vizuri. Yote mawili hayana dawa ya kupuliza. Ng'oa shina zima, lichome, na usipande pingili kutoka shamba hilo tena. Kwa fugwe kuna aina zinazohimili, Kakamega 1 na Kakamega 2, ingawa zilizalishwa kwa ajili ya ng'ombe na uzuri wake ni wa ng'ombe pia.

Mafunjo

Hapa geuza karibu kila nilichosema kuhusu maji. Mafunjo ni ya Ziwa Victoria na Naivasha. Miguu yake iwe majini mwaka mzima. Kichwa kikikauka na bua kuwa njano wakati mengine yanachipua, bua hilo limemaliza umri, likate chini. Yakikauka yote kwa pamoja, maji yalipungua siku ambazo hukuwepo. Anayetaka sura hiyo kwenye chungu kidogo barazani apande ndugu yake mfupi wa mwavuli: kata kichwa, punguza majani, kigeuze juu chini ndani ya glasi ya maji, na baada ya majuma machache utaona mizizi. Mafunjo yenyewe hayakubali mchezo huo, yanataka kipande cha tungazi, lile shina nene linalotambaa chini.

Maji yanayokaa huzaa mbu. Weka samaki wadogo kwenye bwawa; kwenye beseni lisilo na samaki, badilisha maji yote kila wiki.

Zinaota kila mahali, na nyoka je?

Ndugu wa kijani wa nyasi ya zambarau husambaza mbegu kwa upepo. Kwetu ni mwenyeji na haleti ghasia kubwa, ila Hawaii na Visiwa vya Canary imevamia milima na kulisha moto wa nyika, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa. Wenye ndugu Ulaya wasiwabebee masuke yake makavu kama zawadi ya chombo cha maua. Nyumbani, ikiota kati ya matofali, kata masuke kabla hayajawa meupe na mepesi.

Kuhusu nyoka naulizwa kila wiki. Nyoka hafuati nyasi, anafuata panya, na panya anafuata majani makavu yaliyorundikana chini na mabaki ya chakula cha mbwa. Shina linalokatwa kila mwaka, lililosafishwa kitakoni mpaka unaona udongo, halina pa kumficha panya. Yaache mashina mita mbili kutoka mlangoni na dirishani, kwa ajili ya moto wakati wa kiangazi kuliko kwa ajili ya nyoka. Na unapoinama kunipigia ile picha ya pili, gonga kwanza shina kwa fimbo.